Nina Jumamosi moja tu Nakano Broadway: nianzie wapi, na nitajuaje kuwa siuziwi feki?

*"Mtaalamu, shikamoo. Nafanya kazi Mombasa na mwezi ujao naenda Tokyo kwa mafunzo ya kikazi ya wiki mbili. Nitakuwa na Jumamosi moja ya mapumziko. Nakusanya visanamu vya wahusika wa anime, zile katuni za Kijapani, hasa One Piece na Dragon Ball, na wenzangu wote wananiambia niende Nakano Broadway. Lakini nasikia vitu vingi pale vimeshatumika, na mimi niliwahi kuagiza viwili mtandaoni, vyote vikaja feki, kwa hiyo naogopa. Wanasema pia lile jengo linapoteza watu. Nimetenga yeni 40,000. Je, nichukue boksi lililofungwa tu? Kupatana bei kunaruhusiwa? Nikivifikisha nyumbani nifanyeje visinate, maana baadhi ya nilivyonavyo vimeanza kutoa kama utomvu? Mume wangu anauliza vilevile kama naweza kununua vya ziada nije kuuza."*

Marahaba, dada yangu. Maswali yako ni mengi lakini hofu ni moja: umeshatoa pesa ukaletewa feki, na sasa unakwenda mahali ambapo hata kibandiko cha bei hujui kukisoma. Hofu hiyo ina msingi, ila umeielekeza pasipo. Pale Nakano, feki si hatari yako kubwa. Hatari yako kubwa ni kununua kitu halali kabisa, chenye kasoro iliyoandikwa wazi mbele ya macho yako, kwa sababu ulisoma bei peke yake. Karibu kila ninachokuambia hapa chini kinarudi kwenye jambo hilo.

Tuanze na jengo lenyewe, maana ukielewa limekuaje hutapotea, na bei zake hazitakuchanganya.

Nakano Broadway lilifunguliwa mwaka 1966 likiwa jengo la fahari. Maduka yalianzia chini ya ardhi hadi ghorofa ya nne, na juu yake, kuanzia ya tano hadi ya kumi, kulikuwa na nyumba za watu wenye uwezo, na paani bustani na bwawa la kuogelea. Yukio Aoshima, mwandishi na mwigizaji aliyekuja kuwa gavana wa Tokyo mwaka 1995, aliwahi kuishi humo. Miaka ilivyokwenda fahari ile ikapungua na vyumba vya maduka vikaanza kubaki vitupu. Mwaka 1980, mchoraji wa manga, yaani vitabu vya katuni vya Kijapani, aitwaye Masuzo Furukawa akafungua humo kijiduka cha manga zilizotumika, kwenye chumba kidogo mno. Akakiita Mandarake. Biashara ilipokua hakuhamia kwenye duka moja kubwa; alichukua chumba hiki, kisha kile, kila kimoja akakipa kazi yake: hapa manga, pale visanamu vya mpira, kule michoro ya anime, kwingine michezo ya video. Wauzaji wengine wa vitu vya wakusanyaji wakamfuata, kila mmoja na kichumba chake.

Ndiyo maana usitegemee duka kubwa lenye mpangilio mmoja. Ni vyumba vingi vidogo, na wenyewe ni wengi. Kliniki ya meno inaweza kupakana na duka la wanasesere wa miaka ya sitini. Kisanamu kilekile utakikuta mara tatu kwenye ghorofa moja kwa bei tatu tofauti, na hakuna anayekudanganya kati yao: wauzaji ni watatu, na vitu vyenyewe viko katika hali tatu.

Kufika ni rahisi kuliko unavyoambiwa. Kutoka Shinjuku unapanda treni ya haraka ya laini ya Chuo, na Nakano ndicho kituo kinachofuata, mwendo wa kama dakika tano. Toka kwa mlango wa kaskazini. Mbele yako utaona mtaa wa maduka ulioezekwa, unaitwa Sun Mall. Nyoosha nao hadi mwisho, na mwisho wake ndio mlango wa Broadway. Usiende asubuhi. Maduka mengi ya wakusanyaji hufunguliwa saa sita mchana na kufungwa saa mbili usiku, kwa hiyo ukifika saa tatu asubuhi utatembea kati ya milango ya chuma iliyoshushwa na utaondoka ukidhani jengo limekufa.

Mambo mawili ndiyo yanayopoteza watu. La kwanza, Wajapani huhesabu ghorofa tofauti na sisi: ya chini kabisa, unayoingilia kutoka barabarani, kwao ndiyo ya kwanza. Ukiambiwa duka liko ya tatu, kwa hesabu ya Mombasa ni ya pili. La pili, ngazi ya umeme utakayoikuta ukinyoosha ndani inakupandisha moja kwa moja hadi ya tatu na kuiruka ya pili. Watu hushuka juu wakiamini wako ya pili, wakatafuta duka lisilokuwepo hapo, wakakata tamaa. Wewe tumia hali hiyo kwa faida yako. Panda hadi ya tatu, kisha ngazi za kawaida hadi ya nne, uanzie huko kwa kutazama tu. Halafu teremka ya tatu, na umalizie ya pili, ambako visanamu vya aina unayokusanya ni vingi na miguu yako itakuwa imeshajua njia. Ghorofa ya kwanza ni nguo, viatu na mahitaji ya kawaida ya wakazi. Chini ya ardhi ni soko la chakula, na hapo pana duka la Daily Chico lenye aiskrimu ya rangi nyingi zilizopandiana. Foleni yake ni ya kweli, na kupumzika saa tisa alasiri ukiwa na koni mkononi ni sehemu ya kazi: mnunuzi aliyechoka husoma bei na kuacha maelezo.

Sasa vitu vilivyotumika. Najua kinachokuja kichwani ukisikia neno hilo. Mtumba wa kwetu unafungua robota, unachambua, na macho yako ndiyo ulinzi pekee. Nakano, uchambuzi umeshafanywa na mtu ambaye ndiyo ajira yake. Duka linaponunua kisanamu kutoka kwa mwenyewe, mfanyakazi anakitoa kwenye boksi, anahesabu viungo vya ziada, anatazama rangi chini ya taa, anaandika kila alichokiona, kisha ndipo anapanga bei. Akificha kasoro, jina la duka linaharibika mbele ya wakusanyaji ambao hawasahau. Kwa sheria ya Japani, muuza vitu vilivyotumika sharti awe na kibali, na kwa kawaida anaponunua kwa mtu anapaswa kuthibitisha utambulisho na anwani ya huyo anayemuuzia. Sheria ile ilitungwa kuzuia mali ya wizi, lakini faida yake inakufikia hata wewe: vitu havidondoki tu dukani visijulikane vimetoka wapi.

Kwa hiyo jibu la swali lako la boksi lililofungwa: hapana, usijifunge hapo. Boksi ambalo halijafunguliwa lina bei ya juu kwa sababu watu wengi wanaogopa kama wewe. Kisanamu kilichotolewa, kikakaa kabatini mwaka mmoja, kikarudishwa na vipande vyake vyote, huwa hakina tofauti utakayoiona ukikisimamisha sebuleni kwako, ila bei imeshuka. Boksi lililofungwa lina hasara nyingine isiyosemwa sana: hujui ndani kukoje. Rangi iliyochubuka kiwandani au mkono uliopinda kwa joto la ghala, yote yamefichwa na ule utepe. Kilichofunguliwa unakiona.

Hivi ndivyo kibandiko kinavyosomwa. Piga picha maneno haya uyaweke kwenye simu. 未開封 ni kwamba boksi halijafunguliwa. 中古 ni kilichotumika. 箱イタミ ni kuwa boksi limeumia, kona imebonyea au karatasi imechanika, na kwa mtu asiyekusanya maboksi hiyo ni habari njema kabisa kwa sababu bei hupungua na kisanamu ni kizima. 日焼け ni rangi kufifia kwa jua. ベタつき ni unatonato wa plastiki. 欠品 ni kwamba kuna kipande kinachokosekana, na hapo simama: uliza ni kipi, kwa sababu kukosa kitako cha kusimamia ni tofauti na kukosa upanga. 動作未確認 huandikwa kwenye vitu vya betri au vya umeme, maana yake hawakujaribu kama vinafanya kazi, na wewe chukulia kuwa havifanyi. ジャンク ni cha kuvunjia vipuri; usikiguse kama hujui kutengeneza. Programu ya tafsiri kwenye simu itakusaidia na mengine, lakini katika maduka mengi kupiga picha kumekatazwa, kwa hiyo muulize mhudumu kwanza, ukimwonyesha simu na kibandiko. Wengi hukubali wakielewa unataka kusoma tu.

Halafu muombe akifungue. Haya ndiyo mambo ambayo wageni huona haya kuyafanya, na ndiyo yanayowagharimu. Kabati la vioo limefungwa kwa ufunguo, mhudumu anao. Atalitoa boksi, ataliweka juu ya kaunta, na mara nyingi, kabla hujasema neno, atakuonyesha kwa kidole: hapa begani pana mkwaruzo, hapa kwenye unywele wa mwisho rangi imetoka kidogo. Atasubiri. Haharakishi, na hategemei kuwa lazima ununue. Kama mkwaruzo huo hukuuona mpaka alipouonyesha, nyumbani hautauona tena. Kama umeuona na moyo umeshtuka, mshukuru, inamisha kichwa kidogo, uendelee na safari. Hakuna atakayenuna.

Kuhusu feki. Kwenye maduka yenye jina ni nadra sana, kwa sababu niliyokwisha kuieleza. Hata hivyo jifunze alama zake, zitakufaa hata ukirudi kuagiza mtandaoni. Bidhaa za One Piece na Dragon Ball zinazotolewa rasmi kwa soko la Japani huwa na kibandiko kidogo kinachong'aa cha Toei Animation kwenye boksi. Kibandiko peke yake hakitoshi, kinaigizwa. Tazama ngozi ya uso: kitu halali kina ngozi isiyong'aa, laini kama vumbi la unga, ilhali feki humeremeta kama imepakwa mafuta. Tazama mstari wa maungio kwenye mikono na miguu. Kiwandani husuguliwa ukapotea, feki huuacha. Tazama macho, maana macho huchapwa, na kwenye feki huwa yametoka mahali pake kidogo hata mhusika akaonekana ana makengeza. Mwisho nusa. Feki nyingi zina harufu kali ya plastiki mbichi inayobaki hata wiki kadhaa. Ukivikagua vile viwili vyako kwa vigezo hivi nadhani utaziona alama angalau mbili.

Kupatana bei hakupo. Bei iliyoandikwa ndiyo bei, na kuomba upunguziwe humtia mhudumu aibu kwa sababu hana mamlaka hayo. Lakini kuna njia yako ya kupatana bila kufungua mdomo: kutembea. Katika baadhi ya maduka utakuta safu za visanduku vya kioo, kila kimoja kimejazwa vitu visivyofanana, visanamu viwili, gari la bati, kadi. Visanduku hivyo vimekodishwa na watu binafsi. Mwenye sanduku ndiye anayepanga bei, na duka linauza kwa niaba yake. Mmoja anahitaji pesa haraka, mwingine anajaribu bahati. Kwa hiyo ukikiona unachokitaka usikinunue papo hapo. Andika duka na bei, zunguka ghorofa ile yote, kisha rudi. Kuna hatari ya kukikuta kimeondoka, nakubali, lakini kwa vitu vya kawaida vya One Piece hatari hiyo ni ndogo.

Na hapa ndipo yeni 40,000 zako zinapopata nguvu. Kuna visanamu vinavyotengenezwa kuwa zawadi za mashine za kunyakulia kwenye kumbi za michezo. Kwa kawaida haviuzwi vipya dukani. Anayevishinda na asivitake huviuza maduka ya aina hii. Vingi huwa kati ya yeni 1,000 na 3,000, na vya Banpresto vya Dragon Ball na One Piece vimefikia ubora ambao zamani ulikuwa wa vitu ghali. Aina ya pili ni visanamu vya vipimo, kwa mfano 1 kwa 7, yaani mhusika wa sentimita 168 anakuwa wa sentimita 24. Hivi hupakwa rangi kwa uangalifu zaidi, na kimoja kipya siku hizi huweza kugharimu yeni 15,000 hadi 25,000. Kwa maoni yangu, chagua kimoja cha vipimo kilichofunguliwa, chenye boksi lililobonyea, ambacho umekikagua mwenyewe, kisha vinne au vitano vya zawadi. Utarudi na zaidi ya ulichotarajia, na bado utakuwa na akiba ya nauli. Beba pesa taslimu. Maduka makubwa hupokea kadi, baadhi ya vidogo hayapokei. Mashine za pesa zilizo ndani ya maduka ya 7-Eleven kwa kawaida hukubali kadi za nje.

Nilikuambia uanzie ghorofa ya nne kwa kutazama, na sikukuambia bure. Kule kuna chumba cha Mandarake kiitwacho Henya ambacho mlango wake umepangwa milango myekundu kama ya mahekalu ya Shinto, moja nyuma ya nyingine, na ndani mna vitu vya kale: mabango ya bati, magari ya bati ya kuvuta, majitu ya mpira laini. Hayo majitu, yaliyoigwa kutoka filamu na vipindi vya runinga, kampuni ya Marusan ilianza kuyatoa mwaka 1966, mwaka uleule jengo lilipofunguliwa, na Bullmark ikaendeleza kuanzia miaka ya mwisho ya sitini. Yalikuwa ya kuchezewa na watoto mchangani. Yaliyosalia na rangi yake ni machache, na ndiyo maana jitu la ukubwa wa kiganja linaweza kuuzwa kwa makumi ya maelfu ya yeni, na lililo adimu kupita hapo sana.

Pia tafuta michoro ya seli. Kabla ya kompyuta, kila tukio la anime lilichorwa kwenye karatasi ya plastiki angavu, mistari ikiwa upande wa mbele na rangi ikipakwa nyuma, kisha likapigwa picha. Ukipewa kuigeuza utaona upande wa pili hauna mistari iliyotulia, ni mabaka mazito ya rangi yaliyopandana, na kwenye kona namba iliyoandikwa kwa mkono. Studio nyingi ziliachana na njia hiyo karibu na mwaka 2000. Kipindi cha mwisho cha runinga kuitumia, Sazae-san, kiliiacha mwaka 2013. Hakuna seli mbili zilizo sawa. Ukinunua seli, jua kwamba haipendi Mombasa: joto na unyevu huifanya ile plastiki kujikunja na kutoa harufu ya siki, na harufu hiyo ikianza haizuiliki. Kwa mtu anayeishi pwani bila chumba chenye kiyoyozi muda wote, ushauri wangu ni kuzitazama pale na kuziacha pale.

Je, uende Akihabara, ule mtaa mwingine wa Tokyo wa maduka ya anime, badala yake? Kama unataka kitu kipya kilichotoka mwezi huu, ndiyo. Jengo la Radio Kaikan liko hatua chache kutoka kituoni, na Mandarake wana jengo lao la ghorofa nane hukohuko. Akihabara ina kelele zaidi, watu zaidi na bidhaa mpya zaidi. Nakano inashinda kwa vitu vilivyokwisha kutoka sokoni, na kwa kuwa kila kitu kiko chini ya paa moja. Kwa Jumamosi moja, ukikusanya unachokikusanya, mimi ningekupeleka Nakano bila kusita. Usijaribu zote mbili siku hiyohiyo. Tahadhari moja kwa popote utakapokwenda: vitabu na visanamu vya watu wazima viko kwenye rafu zilizotengwa zenye alama ya 18. Ukimnunulia mtoto manga ya wachoraji wa kujitegemea, ile myembamba yenye jalada la kung'aa, mwombe mhudumu athibitishe kuwa inafaa rika lake, maana jalada halisemi kila kitu.

Kodi ya mauzo ni asilimia 10, na mgeni anaweza kusamehewa akinunua vya yeni 5,000 au zaidi, kabla ya kodi, katika duka linaloshiriki, siku moja. Hapa kuna jambo linalowahusu watu wanaosafiri kama wewe. Msamaha huo ni wa mwenye hadhi ya mgeni wa muda mfupi. Kibandiko unachowekewa kwenye pasipoti uwanjani ndicho kinachoonyesha hadhi yako. Kama waandalizi wenu wamewaombea viza ya mafunzo, usipige hesabu ukitegemea msamaha. Na kuanzia tarehe 1 Novemba 2026 utaratibu ni wa kulipa kodi kwanza, kisha kurudishiwa baada ya forodha kuthibitisha wakati wa kuondoka kuwa bidhaa umetoka nazo. Kwa vyovyote, beba pasipoti yenyewe; nakala au picha haikubaliki.

Sasa ule utomvu. Hakuna aliyekuuzia kitu kibovu kwa hilo. Visanamu vingi ni vya PVC, na PVC yenyewe ni ngumu. Ili ipindike na kutoka kwenye kalibu, kiwandani huchanganywa na kemikali ya kulainisha. Kemikali hiyo haijashikamana moja kwa moja na plastiki. Kwa joto, na hasa kwenye hewa isiyozunguka, hupanda polepole hadi juu, ikatengeneza utando unaonata na kushika vumbi. Kabati la kioo lililofungwa gizani na boksi lililofungwa miaka mingi huleta shida hiyohiyo, kinyume na wanavyodhani wengi. Osha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo ya vyombo, kwa brashi laini, kisha kausha kwa kitambaa na uache kikauke chenyewe kivulini. Usitumie spiriti wala asetoni, vitaondoka na rangi. Baada ya hapo acha kabati lako liwe na upenyo wa hewa. Unato unaweza kurudi. Utaosha tena, na kila safari huwa umepungua.

Joto hilohilo ndilo linaloinamisha visanamu vinavyosimama kwa mguu mmoja. Usivipange kwenye ukuta unaopigwa na jua la jioni, na mhusika mwenye upanga mkubwa au nywele nzito mtegemeze. Kwa vitu vya chuma, kama roboti nzito za Chogokin zilizoanza kutolewa na kampuni ya Popy mwaka 1974, adui ni chumvi ya bahari. Vipakiti vya kunyonya unyevu kwenye kabati husaidia, mradi uvibadilishe.

Mwambie mume wako hili kwa upole: usinunue vya kuuza katika safari hii. Bei za visanamu vya kawaida hazipandi kwa uhakika. Kampuni ikitoa upya kisanamu kilichokuwa adimu, bei ya cha zamani huanguka. Kinachopanda kwa kweli ni vitu vya kale na seli nzuri, na huko ndiko anayeanza huumia zaidi. Halafu kuna forodha. Boksi tano tofauti ni mkusanyiko wa mtu. Boksi kumi za aina moja ni shehena ya biashara, na afisa yeyote ataliona hilo. Weka risiti zote pamoja, na kabla hujasafiri pita ofisi ya KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, uulize kiwango cha sasa cha bidhaa ambazo abiria huruhusiwa kuingia nazo bila ushuru. Usichukue jibu la kwenye kikundi cha simu, viwango hubadilika. Bastola na bunduki za mfano, hata za plastiki na hata ziwe za kupendeza vipi, ziache dukani. Hutaki kueleza uwanjani Moi kwamba ile ni ya mhusika wa anime. Betri za lithiamu za akiba zibebe mkononi, haziruhusiwi kwenye mzigo wa chini.

Visanamu vya vipimo viweke kwenye mzigo wa mkononi ukiweza. Vikishindikana, viache ndani ya umbo lao la plastiki angavu, jaza nafasi zilizobaki ndani ya boksi kwa karatasi laini, na boksi likae katikati ya begi likizungukwa na nguo pande zote sita. Usikaze.

Kuna wakati maelezo ya kuandikiana hayatoshi. Ukijikuta mbele ya kitu cha zaidi ya nusu ya bajeti yako, seli, jitu la kale au kisanamu kinachodaiwa kuwa cha toleo dogo, usiamue peke yako kabatini. Nenda kaunta ya duka lenye utaalamu wa kitu hicho hasa, si jirani yake, na uombe wakuonyeshe wanajuaje kuwa ni halisi: alama za mtengenezaji chini ya nyayo, namba, boksi la asili. Muuzaji anayekijua kitu chake atafurahi kukuonyesha. Asipokuwa na la kuonyesha, hata kama ni mkweli, hiyo si yeni yako ya kutumia siku hiyo. Na kama mafunzoni kwenu kuna mwenyeji Mjapani mnayeelewana naye, mwombe akusindikize kwa saa mbili za mwanzo. Wengi wao hawajaingia Nakano Broadway tangu utotoni na watakubali kwa furaha.